Rimoti ikibonyezwa fyuzi inaungua: kuunga loki za umeme na alamu ya gari

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Starlet EP82 ya milango mitano, ilikuja na loki za mkono. Nimefunga seti ya loki za umeme ya dukani: mota nne, kiboksi na nyaya zake. Nikifunga mlango wa dereva kwa kipini, mingine inafuata, isipokuwa wa nyuma kushoto ambao unafunga wenzake wanapofungua. Mara nyingine mlango wa dereva unafunga halafu unafungua wenyewe. Baadaye nikanunua alamu ya rimoti mbili. Waya zake mbili nyeupe nimeziunga kwenye bluu na kijani zinazokwenda kwenye mota, za njano nimezipa moto (chanya ya betri), za rangi ya chungwa nimeziacha zinaning'inia. Nikibonyeza rimoti nasikia "tak", fyuzi ya ampea 15 imeungua. Nikaweka ya 30, safari hii waya ukatoa harufu. Je, alamu ni mbovu au mota?

Jibu: Usinunue alamu nyingine wala mota nyingine. Kinachounguza fyuzi ni kwamba kiboksi cha loki na boksi la alamu vyote viwili vimeshika waya zile zile za mota, na kila kimoja kinataka kuziendesha chenyewe. Kabla ya lolote, chomoa terminali hasi ya betri, toa zile nyeupe za alamu kwenye bluu na kijani, na hiyo fyuzi ya 30 iondoe moja kwa moja.

Mota ya loki haina waya wa moto wa kudumu wala wa ethi (upande hasi, yaani bodi ya gari) wa kudumu. Bluu ikipata moto na kijani ikapata ethi, mota inasukuma; ukigeuza, inavuta. Kazi ya kugeuza hufanywa na rilei mbili (swichi zinazosukumwa na umeme) zilizo ndani ya kiboksi. Zikiwa zimepumzika, rilei zote mbili zimelaza bluu na kijani kwenye ethi. Hili utaliona kwa macho: chomoa soketi ya mota zote, weka mita ya umeme kwenye mlio (inalia ncha zake mbili zikiungana), ncha moja kwenye waya mweusi wa kiboksi, nyingine kwenye bluu. Mita italia. Hamia kijani, italia tena. Mtu akifunga kipini, rilei moja inaachia ethi na kushika moto kwa muda wa nusu sekunde hivi, nyingine inabaki kwenye ethi, mota inasogea, kisha zote zinarudi kulala.

Sasa angalia ulichofanya. Ulipobonyeza rimoti, alamu ilichukua moto kutoka kwenye njano ikaupeleka kwenye nyeupe, nyeupe ikaumwaga kwenye bluu, na bluu wakati huo imelala kwenye ethi ndani ya kiboksi. Moto umekutana na ethi bila kupita kwenye mota. Hiyo ni shoti kamili, na fyuzi ya 15 imefanya kazi yake. Ulipoweka ya 30 ulimfukuza mlinzi, waya ndio ukaanza kuungua. Na kama zile za chungwa ungezifunga kwenye ethi, kama mchoro wa karatasi ya alamu unavyoonyesha mara nyingi, hata kipini cha dereva kingeunguza fyuzi, kwa sababu sasa kiboksi ndicho kingekuwa kinamwaga moto kwenye ethi ya alamu. Mchoro huo ni sahihi, lakini ni kwa gari ambalo mota zinaendeshwa na alamu peke yake, bila kiboksi.

Kwa kuwa waya ulitoa harufu, kagua kwanza madhara. Fuata waya wa njano kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye boksi la alamu, na bluu na kijani hadi kwenye kiboksi. Popote plastiki imelainika, imeng'aa au imeshikana na waya jirani, kata kipande hicho na uweke kipya. Kuzungushia tepu hakutoshi. Kisha pima rilei za alamu, ukiwa umechomoa soketi yake ya loki ili zile waya sita zisiguse kitu chochote.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu rangi hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Waya sita hizo ni makundi mawili ya tatu tatu: kundi moja la kufunga, jingine la kufungua, na kwa kawaida kundi moja lina mstari mweusi. Kila kundi ni rilei moja yenye waya wa kati, waya unaoguswa wakati wa kupumzika, na waya wa kazi, unaoguswa rilei inapopiga "tak". Alamu ikiwa imetulia, tafuta kwa mita waya mbili za kundi moja zinazolia pamoja: hizo ni wa kati na wa kupumzika. Halafu rudisha terminali ya betri, washa alamu, bonyeza rimoti huku mita ikishika waya wa tatu na mmoja wa hao wawili. Ule utakaolia na wa tatu kwa nusu sekunde ndio wa kati. Kwa rangi zako, inaelekea nyeupe ni wa kati, chungwa ni wa kupumzika, njano ni wa kazi, lakini pima, usiniamini mimi wala karatasi. Ukikuta wa kati unalia na wa kazi wakati rimoti haijaguswa, ujue vidole vya rilei vimeshikana kwa ule moto wa fyuzi ya 30. Rilei hiyo inabadilishwa kwa kulehemu, au unatumia rilei za nje.

Ukishajua nani ni nani, njia ya kuunga ni rahisi kuliko ile uliyojaribu. Mota ya mlango wa dereva ina waya tano. Mbili, bluu na kijani, ni za mota yenyewe. Tatu zilizobaki, nyeusi, nyeupe (si ile ya alamu) na kahawia, ni za swichi ndogo iliyo ndani yake. Nyeusi ni ethi. Kipini kikienda upande mmoja swichi inaigusisha na nyeupe, kikienda upande wa pili inaigusisha na kahawia. Kiboksi kikiona ethi kwenye nyeupe kinatoa amri moja, kikiona kwenye kahawia kinatoa nyingine. Kwa hiyo alamu haina haja ya kugusa mota hata kidogo. Inatakiwa kuigiza swichi ya dereva.

Jaribu kwa mkono kabla ya kuunga. Rudisha fyuzi ya 15, chukua kipande cha waya chenye ethi safi, toboa kidogo ganda la waya mweupe unaoingia kwenye kiboksi, kisha gusisha kwa nusu sekunde. Fanya hivyo na kahawia. Milango ikifunga kwa mmoja na kufungua kwa mwingine, kazi imekwisha nusu. Kwenye alamu, waya wa kati wa kila kundi (nyeupe zako) ufunge kwenye ethi. Waya wa kazi wa kundi la kufunga (njano mojawapo) uunge kwenye ule uliofunga milango, na wa kundi la kufungua kwenye mwenzake. Ondoa njano kwenye moto kabisa, hili usilisahau, la sivyo utapeleka moto kwenye ubongo wa kiboksi na hautapona. Zile za chungwa zikate, kila moja ivalishe mrija wake wa joto, zifunge pembeni. Mkondo unaopita hapo ni mdogo sana, waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 unatosha.

Kuna viboksi vikaidi. Swichi ya dereva haiachii baada ya kusukumwa. Inabaki imeshika upande ilipo. Milango ikiwa imefunguliwa, tuseme kahawia bado iko kwenye ethi. Alamu ikiipa nyeupe ethi, kiboksi kinaona zote mbili kwa pamoja. Vingi vinasoma badiliko, vinatii ile iliyokuja mwisho. Vichache vinaganda, havifanyi kitu, au vinafunga na kufungua papo hapo. Kama jaribio la waya wa mkono limeonyesha hivyo, usihangaike kukibembeleza. Tumia njia ya kukatiza.

Katika njia hii unakata waya wa bluu unaotoka kwenye kiboksi kabla haujagawanyika kwenda milangoni. Upande wa kiboksi unaunga na waya wa kupumzika wa alamu (chungwa), upande wa mota unaunga na wa kati (nyeupe), na wa kazi (njano) unapewa moto wenye fyuzi. Kundi la pili ulifanyie vivyo hivyo kwenye waya wa kijani. Alamu ikiwa imelala, kiboksi kinafika kwenye mota kupitia chungwa na nyeupe kama vile hakuna kilichokatwa. Rimoti ikibonyezwa, rilei ya alamu inakitenga kiboksi upande mmoja na kuleta moto wake, na upande wa pili mota inapata ethi ile ile inayolala ndani ya kiboksi. Hata kiboksi kikichanganyikiwa kikatoa amri ya kinyume wakati huo huo, mota itapata moto pande zote mbili na kusimama tu, shoti haipo. Njia hii ina maungio manne mazito zaidi, ndiyo maana siitangulizi, lakini haitegemei tabia ya kiboksi.

Kama alamu yako ingekuwa ile isiyo na rilei ndani, yenye waya mbili tu nyembamba za loki, zenyewe hutoa ethi ya mkondo mdogo, chini ya nusu ampea kwa kawaida. Hizo zinaungwa moja kwa moja kwenye nyeupe na kahawia ya kiboksi. Ukizipeleka kwenye mota unaua alamu. Anayetaka kuendesha mota kwa alamu ya aina hiyo bila kiboksi anahitaji rilei mbili za nje za miguu mitano, za ampea 30. Mguu wa 87 wa zote mbili upate moto wenye fyuzi, 87a wa zote mbili ethi, 30 wa moja uende bluu na 30 wa nyingine kijani. Mguu wa 86 upate moto, 85 upokee waya wa alamu. Kati ya 85 na 86 weka daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea 86, ili mshtuko wa koili inapoachia usirudi kwenye alamu. Daiodi hiyo ni ya bei ndogo kuliko soda, na ndiyo watu wanayoiruka.

Moto wa loki utoke kwenye betri yenyewe. Usiuchukue kwenye redio, kwenye kiberiti cha gari wala kwenye waya wa swichi ya ufunguo. Mota nne zikifika mwisho kwa pamoja zinaweza kuvuta zaidi ya ampea 10 kwa ule muda mfupi. Waya mkuu uwe wa 2.5, wa kwenda kila mlango 1.5, na fyuzi ya 15 au 20 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ethi usiifunge kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Kwangua rangi kwenye bati la bodi, funga kwa bolti na kichwa cha waya kilichobanwa vizuri. Ukitaka kujua kama waya zinatosha, pima volti kwenye mota ya nyuma wakati inapiga. Zikishuka chini ya 10, tafuta ungio legevu kabla ya kulaumu mota.

Mlango wako wa nyuma kushoto ni jambo la dakika tano. Kwenye mlango huo rodi uliyoishika inasogea kinyume na za milango mingine, au bluu na kijani ziligeuzwa kwenye soketi. Geuza waya hizo mbili kwenye mlango huo peke yake, ukiacha kiboksi na milango mingine kama ilivyo.

Mlango wa dereva unaofunga na kujifungua unataka subira kidogo. Mota hizi zina mwendo wa milimita 20 hivi, na rodi ya loki ya mlango mara nyingi ina mwendo mfupi kuliko huo. Ile swichi ya ndani inageuka karibu na katikati ya mwendo. Ukibana mota ikiwa imeegemea upande mmoja, loki inafika mwisho wake huku mota ikiwa ndiyo kwanza imevuka mahali pa kugeukia. Mlango ukitikisika, au chemchemi ya loki ikirudisha milimita mbili, swichi inageuka, kiboksi kinadhani dereva amefungua. Legeza kibanio kinachoshika rodi ya mota na rodi ya mlango. Weka loki katikati ya mwendo wake kwa mkono, weka mota nayo katikati ya mwendo wake, kisha kaza skrubu zote mbili za kibanio. Sukuma kipini huku na huku mara kumi. Kisikwame wala kusikika kama kinapanda kilima. Rodi mbili ziende sambamba. Zikikutana kwa pembe kubwa, nguvu ya mota inapotea kwenye kupinda chuma badala ya kusukuma loki. Kama bado inarudi, ondoa rodi ya mota kabisa na uichezeshe loki peke yake. Loki ya gari la umri wa Starlet huwa imejaa vumbi lililochanganyika na grisi kavu. Ioshe kwa mafuta mepesi ya kupenya, ipake grisi nyeupe, ndipo urudishe mota.

Ukiwa umefungua paneli za milango, angalia pia waya zinavyoingia. Starlet ya madirisha ya kuzungusha kwa mkono inaweza isiwe na mpira wa kupitishia waya, hasa milango ya nyuma, na watu hupitisha waya pembeni ya bawaba bila kinga. Unakaa miezi michache, kisha bati linakula ganda na shoti inakuja siku ya mvua. Toboa tundu kwenye nguzo na jingine kwenye mlango, lakini usiyaweke usawa mmoja: moja lishuke sentimita mbili au tatu, ili mlango unapofungwa waya ujisokote taratibu badala ya kujikunja palepale kila siku. Paka rangi kwenye kingo za bati, vaa mpira pande zote mbili, acha waya wenye ulegevu mlango ukiwa wazi kabisa. Ndani ya mlango, teremsha kioo hadi chini kabla ya kutoboa mahali pa mota, uone kinapopita. Maungio ya ndani ya mlango yalehemu na uyavalishe mrija wa joto. Tepu peke yake kwa joto la gari lililoanikwa juani inaachia gundi na kufunguka. Ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya paneli irudishe. Bila hiyo maji yanayoteremka na kioo yataingia hadi kwenye zulia.

Kitu cha mwisho kwenye alamu ni muda wa mpigo, yaani alamu inashikilia amri ya loki kwa muda gani. Alamu nyingi zina chaguo mbili, nusu sekunde hadi 0.8, au sekunde 3.5 na zaidi. Muda mrefu umewekwa kwa ajili ya loki za upepo, kama za Mercedes-Benz W124, ambazo pampu yake inahitaji muda kuvuta. Mota zako zinahitaji muda mfupi. Ukiunga kwenye kiboksi haitaleta madhara makubwa, maana vingi hujikatia muda vyenyewe, lakini kwa njia ya kukatiza mota zitasukuma ukuta kwa sekunde tatu kila ukifunga, zitapata joto kali na meno ya plastiki ya ndani yatalika. Kubadilisha ni kwa kukata kijiwaya, kuhamisha jampa (kiungo kidogo cha pini mbili) kwenye boksi, au kwa mfuatano wa vitufe vya rimoti, kadiri ya aina yako. Isome karatasi yake hapo.

Unapojaribu, teremsha kioo cha dereva na ufunguo uwe mfukoni. Anza na mlango mmoja ukiwa umechomeka soketi yake, halafu ongeza mingine mmoja mmoja, ukibonyeza rimoti kila mara na kuigusa fyuzi kwa kidole. Fyuzi ikiwa na joto kwa mlango mmoja tu, rudi kwenye waya wa mlango huo.